Aliyekula Chumvi Nyingi

Sahani yake ilikuwa na alama nyekundu.

Alifiya aliiona kabla hata hajavua viatu mlangoni. Katikati ya mkeka Bi Somoe alikuwa ameweka sinia la wali wa nazi, kuku wa mchuzi juu yake, kachumbari pembeni, harufu inakuita kwa jina. Sinia la watu watatu. Kando, karibu na ukuta, palikuwa na sahani moja ya bati iliyokwisha kupakuliwa wali na kikombe kimoja cha maji, vyote vimetiwa nukta ya rangi ya kucha visije vikachanganyika na vya wazima. Na waliokuja kula walikuwa wanne.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Bi Somoe kwa tabasamu pana, maana kwa ukarimu mwanamke yule humuwezi. "Mzee Aliasgar, pita hapa mbele upate upepo. Amiri, wanawishe wageni. Alifiya mwanangu, wewe kaa pale."

Pale! Jamani, neno fupi namna ile, lakini lilimchoma Alifiya kama mwiba wa samaki. Akakaa. Lakini alikaa kama mtu anayekaa ili apate nguvu za kusimama.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho, chuo cha ualimu kile cha kilimani ukitoka Lindi kwenda Mingoyo. Wanachuo walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni macho yake, makubwa, yakikutazama unasahau ulichotaka kusema. La pili ni kikohozi. Na kikohozi chenyewe hakikuwa cha jana wala juzi. Alizaliwa nacho Kilwa Masoko, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Mara mbili alimezeshwa dawa za TB, miezi sita kwa sita, na mara zote mbili kikohozi kikabaki palepale. Alipofika miaka kumi na mmoja ndipo daktari mmoja wa Dar es Salaam alipompima jasho, jasho tu la mkononi, akasema hii si TB. Hii ni sistiki faibrosisi. Mtu anazaliwa nayo, anairithi kwa baba na mama wote wawili bila wao kujijua, na haambukizi mtu yeyote mzima. Makohozi yanaganda kifuani, chakula hakisagiki tumboni, na jasho linatoka na chumvi kupita ya watu wote.

Jina hilo lilimshinda Happiness, rafiki yake wa bwenini. "Sisti nini? Aka! Mimi namwita Bi Siti," alisema siku ya kwanza, na ikawa hivyo. Kila siku saa kumi na moja alfajiri Alifiya alivuta mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine yake ndogo, kisha akalala kifudifudi, naye Happiness akamgonga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa, pu, pu, pu, mpaka makohozi yatoke. Bi Siti akiamka vizuri, saa mbili Alifiya yuko darasani. Bi Siti akiamka vibaya, saa nne. Lakini alifika.

Na Amiri je? Amiri alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa Bi Somoe, mwanachuo mwenzake, darasa moja. Mapenzi yao yalianza kwa ugomvi. Alimkuta Alifiya kwenye ngazi za maktaba amefungua kikaratasi, analamba chumvi.

"Dada, una mimba?" aliropoka, hata salamu hakuna.

Alifiya alimgeuzia yale macho. "Nina jasho. Chumvi ikinitoka naila, inarudi. Na wewe adabu zikikutoka, unakula nini zirudi?"

Basi kijana alikwisha. Alipokuja kusimuliwa habari za Bi Siti, Alifiya alingoja aone kama atakimbia kama waliomtangulia. Amiri alikuna kichwa, akasema, "Nitaoa wake wawili siku moja, yaishe." Akaomba afundishwe kugonga mgongo. "Mgongo wangu haugongwi na mwanamume asiye na cheti cha ndoa," alijibiwa, na tangu siku hiyo alikuwa akikitafuta hicho cheti kwa macho kila alipomwona.

Shida ilikuwa moja. Bi Somoe, mama wa Amiri, ndiye aliyekuwa matroni wa mabweni ya wasichana.

Siku tisa zilizopita alipita koridoni alfajiri, akasikia kikohozi, akaingia, akaona leso ya Alifiya ina damu. Kidogo tu, kama ya kujikata na wembe, na Alifiya alikwisha kuizoea. Bi Somoe hakuizoea. Jua halijapanda, Alifiya alikuwa ametolewa bwenini na kuwekwa kwenye stoo iliyoungana na nyumba ya matroni, yeye na mashine yake, na sahani yake, na kikombe chake. Barua ya daktari aliitoa. Bi Somoe aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia. "Karatasi hata stesheneri wanachapa, mwanangu." Na katika wiki hiyohiyo mwenye kusema akamwambia kwamba mwanao naye anaonekana dirishani kwa huyo mgonjwa. Hapo ndipo barua nyingine ilipoandikwa. Barua ya kuahirisha masomo mwaka mmoja, chini ina nafasi mbili za sahihi, ya mzazi na ya mwanachuo. Mkuu wa chuo hakutaka maneno mengi. Alisema matroni akiridhika, binti atafanya mtihani wa mwisho Jumatatu. Asiporidhika, baba aje amchukue.

Leo ilikuwa Jumamosi, na baba, Mzee Aliasgar, amekuja.

Mwaka mmoja! Wengine husikia mwaka mmoja wakaona ni mapumziko. Alifiya alijua mapafu yake hayangoji mtu. Alijua pia baba yake akishamrudisha Kilwa Masoko, akamweka chumba cha juu chenye feni, hatamtoa tena mpaka siku ya kumtoa kwa jeneza. Kwa hiyo kilichokuwa juu ya mkeka ule hakikuwa wali na kuku. Kilikuwa Jumatatu yake.

Amiri alikuja na birika na beseni. Alimnawisha mzee, akamnawisha mama yake, kisha akapiga goti kule ukutani. Maji yalimiminika polepole kuliko inavyotakiwa.

"Usisaini," alinong'ona.

"Nani kakwambia nasaini?"

"Umekonda siku hizi tisa."

"Na wewe umeota ndevu za msiba. Kanyoe."

Amiri akajizuia kucheka, na vidole vyao vikagusana chini ya maji, kidogo, kama bahati mbaya.

"Amiri!" Bi Somoe aliita. "Maji hayo yanatosha kumwosha maiti."

Alifiya akafungua kopo lake, akameza vidonge vinne vya kumsaidia kusaga chakula, kwa maji ya kile kikombe chake. Bi Somoe aliangalia, akatazama pembeni.

"Haya, tukaribie. Bismillah," alisema mwenyeji.

Mzee Aliasgar hakunyoosha mkono. Alikuwa mtu mpole, kanzu nyeupe, kofia yenye ukingo wa dhahabu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje ambaye Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa. Alitazama sinia, akatazama huku na huku, akasema kwa upole wote, "Naomba chumvi."

Mkono wa Bi Somoe ulisimama juu ya sinia.

"Chumvi?" aliuliza Bi Somoe.

"Kidogo tu, mama."

"Hujaonja, mzee."

"Sijaonja, ndiyo."

"Hujaonja, na umekwisha kujua chakula changu hakina chumvi!" Bi Somoe alishika kiuno akiwa amekaa vilevile. "Mimi nimepikia maharusi huko Kiranjeranje tangu mimi msichana, hakuna aliyeniomba chumvi. Wewe umekiangalia tu kwa macho, ukakitoa kasoro?"

"La, la, mama, hukunielewa..."

"Nimekuelewa sana."

Amiri aliangalia dari, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Alifiya ndiye aliyeokoa. "Mama, samahani. Sisi Mabohora ndivyo tulivyolelewa. Chakula kinafunguliwa kwa chumvi. Kila aliyeketi kwenye sinia anaonja chembe kidogo, ndipo watu wanakula. Hata kiwe kimepikwa peponi, lazima chumvi ipite kwanza."

"Sasa si mngesema!" Bi Somoe alipoa nusu. Nusu ya pili ilikataa. "Chumvi iko jikoni," akasema, wala hakuinuka.

Basi Alifiya aliinuka yeye. Alitoa kile kikaratasi chake kwenye mkoba, akakifungua, akatafuta pa kumiminia. Ile barua ya kuahirisha masomo ilikuwa hapo, karibu na goti la baba yake, kalamu juu yake. Aliiokota, akaweka kalamu pembeni, akaitandaza mbele ya sinia na kumwaga chumvi juu yake.

"Wee! Hiyo barua ya ofisi!" Bi Somoe alimaka.

"Naiona, mama. Chini wameacha nafasi kubwa, inatosha."

Mzee Aliasgar alichovya kidole, akalamba, akataja jina la Mungu. Kisha akasema bila kumwangalia bintiye usoni, "Haya, mwanangu, rudi kakae pale ulipoambiwa. Tule, tutie sahihi, tuondoke. Nataka tuuvuke Mto Mbwemkuru jua lingalipo."

Ee Mola! Huyu ndiye baba. Alifiya alikuwa amejiandaa kupigana na mtu mmoja, kumbe wako wawili.

"Sikai pale, baba."

"Alifiya."

"Sikai. Sahihi nayo siweki. Mtihani ni Jumatatu saa mbili asubuhi, nami nitaufanya."

"Kwa pumzi zipi?" Mzee sauti ilimpanda. "Nimekulea kama yai, leo nije nikuache kwenye stoo unatema damu? Na hilo la huyu kijana nimelisikia pia. Kwetu hilo halipo. Twende nyumbani."

"Msikilize baba yako," Bi Somoe aliunga, na kwa mara ya kwanza wakwe hao watarajiwa wakapatana. "Na unisikilize mimi. Mimi nimekula chumvi nyingi, binti, najua ninachokiona."

"Mama, kwa miaka umenipita, nakupa heshima zako zote. Lakini kwa chumvi hunifikii."

Kabla Bi Somoe hajajua kama ametukanwa, Amiri alikwisha kusimama. Alivuka mkeka kwa hatua mbili, akachuchumaa ukutani, akachota wali kwenye sahani yenye alama nyekundu, akala. Akachota tena. Kisha akashika kile kikombe, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho, akakiweka chini kwa kishindo.

"Basi na mimi ni mgonjwa," alisema. "Nitengeeni."

Sauti iliyomtoka Bi Somoe haikuwa ya matroni. Aliruka, akakipiga kile kikombe teke, kikabingirika mpaka mlangoni. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, akamtikisa kama anataka kukitoa alichomeza.

"Tema! Amiri, tema! Unajua ulichofanya wewe? Unajua?" Machozi yalikuwa yakimtoka bila kulia. "Baba yako alikohoa hivihivi. Watu wakaniambia, Somoe, mtengee kikombe. Nikasema simtengi mume wangu kama paka wa jirani. Nikaona ndiyo mapenzi! Na mdogo wako Naima, mwaka na nusu, alikuwa hanywi maji ila kwenye kikombe cha babake, akipewa kingine analia. Nikamwachia. Mimi, kwa mkono wangu, nikamwachia. Wamelala Kiranjeranje makaburi mawili, wiki tatu katikati. Kikombe tu, Amiri! Ningetenga kikombe tu!"

Hakuna aliyekohoa, hata Alifiya.

Amiri alikuwa na miaka sita wakati ule. Alijua baba alikufa kwa kifua, alijua Naima alimfuata. Habari ya kikombe hakuijua, na Alifiya aliona uso wake unavyoporomoka.

"Mama..." alianza Amiri.

"Na wewe nyamaza!" Alifiya alimgeukia, na hasira zilikuwa za kweli. "Nani kakutuma? Nani kakuomba ushujaa? Mimi sitafuti mtu wa kufa nami, Amiri. Wa namna hiyo wamejaa nyimboni. Mimi nataka mtu wa kufaulu nami. Ungeniletea daftari la saikolojia kule dirishani ingenifaa kuliko kunilia wali wangu!"

Amiri akainama. Mzee Aliasgar alimtazama bintiye kama anayemwona leo.

Alifiya alikwenda mlangoni, akakiokota kile kikombe, akarudi nacho, akapiga magoti mbele ya Bi Somoe. Kifua kilikuwa kinambana, pumzi zinapiga filimbi. Alingoja zitulie. Hakutaka kusema jambo hili kwa haraka.

"Mama, mimi nimemeza dawa za TB mwaka mzima. Ugonjwa ulikuwa si huo, lakini dawa nilizimeza, na kliniki nilikaa kwenye benchi na wenye TB yenyewe. Unajua kitu walichokuwa wakitufundisha kila Jumanne? TB haikai kikombeni. Haikai kwenye sahani wala kijiko. Inapita kwa pumzi, mtu akikohoa kwenye chumba kilichofungwa, siku nyingi, dawa hajaanza."

"Unanidanganya."

"Muulize daktari yeyote. Muulize nesi wa chuo, yuko hapo chini. Ulimbeba Naima, wote mlilala chumba kimoja, mlimpenda baba yake, mlivuta pumzi moja. Hata ungetenga vikombe mia, mama, ingekuwa vilevile. Kikombe hakikumuua mwanao. Wewe hukumuua."

Bi Somoe alikitazama kikombe mkononi mwa Alifiya. Miaka kumi na saba alikuwa amekibeba kikombe kile. Miaka kumi na saba alitia watu alama nyekundu, kila msichana aliyekohoa bwenini, kila mgeni mwenye mafua, akidhani analipa. Alikaa chini polepole, mtandio ukamteleza begani, hakuuokota.

"Hakuna aliyeniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna hata mmoja."

"Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Mzee Aliasgar alisema taratibu. "Sikulaumu, mama Amiri. Na mimi niliumwa na nyoka." Alikuwa anaitazama chumvi iliyo juu ya barua. "Kabla ya huyu nilikuwa na mtoto wa kiume, Dawood. Miezi tisa. Mama yangu, Rabiabai, alikuwa akimbusu anasema, huyu mtoto ana chumvi, kama katoka kuogelea. Tukawa tunacheka. Tukambusu wote, tukacheka wote. Akaondoka kwa kifua na hatukujua ni nini. Huyu alipozaliwa, mama akambusu, hakucheka tena."

"Baba," Alifiya alisema. "Mimi si Dawood."

"Najua."

"Hujui. Unanifungia chumbani ili asife Dawood. Na mama hapa ananitengea kikombe ili asife Naima. Wamekufa, baba! Mungu awarehemu wote wawili. Mimi ndiye niliyebaki, mimi ndiye ninayetakiwa kufanya mtihani. Mniache nife siku yangu ikifika, kama ninyi mtakavyokufa yenu. Lakini nife nikiwa mwalimu. Sitaki kufa nikiwa yai."

Ndipo kikohozi kilipokuja. Kilikuja kwa nguvu, kikamkunja mpaka paji likagusa mkeka, na Amiri akasogea, akakumbuka cheti, akasimama katikati ya chumba mikono ikielea, hajui aiweke wapi. Ilikuwa ajabu ya kuchekesha na kuliza.

Bi Somoe ndiye aliyesogea. Alikaa nyuma ya Alifiya, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena.

"Yule Happiness anagongaje?"

"Kiganja... ukikunje," Alifiya alisema akitweta. "Kama unachota maji. Pembeni, siyo kwenye uti."

Pu, pu, pu. Mara ya kwanza kwa woga, kama anayebisha hodi nyumba ya watu. Kisha kwa nguvu. Mwanamke yule alikuwa ametwanga mpunga maisha yake yote, mkono ulijua kazi. Makohozi yakatoka, Alifiya akayatemea kwenye leso, akaikunja. Damu haikuwemo. Bi Somoe alikwisha kuangalia.

"Happiness anakubembeleza tu," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri, sivyo? Nitakuja mwenyewe. Bwenini kwako, siyo stoo. Jumatatu nitakuja saa kumi, ili saa mbili uwe umekaa kwenye kiti chako."

Alifiya aligeuka. Alikuwa na maneno mengi tayari ya kupigania, sasa hakujua ayapeleke wapi. Bi Somoe akamshika uso, ule uso uliolowa jasho la mchana wa Lindi, akambusu kwenye paji la uso kama mtu anavyombusu mtoto wake. Akatulia. Akalamba midomo.

"Mh!" alisema. "Kweli mtoto ana chumvi."

Mzee Aliasgar aliziba macho kwa kiganja. Alipouondoa mkono, aliokota ile kalamu, akaichomeka mfukoni mwa kanzu yake.

"Ukitema damu, unanipigia," alisema.

"Nitakupigia, baba."

"Usimwambie Happiness anipigie. Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe."

Amiri aliona mlango umefunguka, akataka kuingia mzima mzima. "Mzee, shikamoo tena. Kuhusu mimi na Alifiya, nilitaka..."

"Mwanangu," Mzee Aliasgar alimkatiza, "sikio langu la kulia bovu tangu utoto, na hili la kushoto liko kwenye kuku. Fanya mtihani kwanza."

"Na ukanyoe," aliongeza Alifiya.

Amiri akakaa. Lakini mzee hakusema "hilo halipo", na kila mtu pale alisikia kwamba safari hii hakusema.

Bi Somoe alichukua ile sahani ya bati, akamimina wali uliobaki juu ya sinia kubwa, akauchanganya na wa wote kwa mkono wake. Mzee Aliasgar alinyoosha vidole kwenye kuku. Akapigwa kofi jepesi la mkononi.

"Ngoja, mzee! Si mlisema chakula kinafunguliwa kwa chumvi?"

"Mimi nimeshafungua, mama."

"Ulifungua sinia la watu watatu. Hili ni jingine." Bi Somoe aliisukuma ile barua, chumvi na yote, mpaka mbele ya Alifiya. "Huku kwetu anayeanza ni mkubwa, yule aliyekula chumvi nyingi kuliko wote. Haya, bibi. Tunakungoja."

Alifiya alichovya kidole palepale ilipoachwa nafasi ya sahihi ya mwanachuo. Akalamba. Akawatazama mmoja mmoja, baba yake, Bi Somoe, Amiri mwenye ndevu zake za msiba, na macho yake makubwa yalikuwa yanang'aa.

"Nimeila kweli," alisema, "na bado sijashiba. Bismillah. Haya, sogeeni huko, nipate pa kukaa."